Sangara kwa Barafu, Mama Mkwe kwa Jasho

Mabatini, Mwanza.
11 Oktoba 1994.

Kwa mkwe wangu mheshimiwa, Bwana Venant,
Mkolani.

YAH: KIYOYOZI CHA NYUMA KATIKA LANDROVA YAKO

Baba, pokea heshima zangu. Mimi mama yake Selina mkeo ni mzima, isipokuwa joto. Najua mkwe hasemeshwi ovyo, na tangu umuoe binti yangu sijakutazama usoni hata mara moja. Lakini karatasi haina macho, na mwalimu aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini hashindwi kuandika malalamiko.

Tangu uinunue Landrova hiyo kwenye mnada wa magari ya ushirika, umekuwa ukinipeleka Bujora kila Jumapili kumwona dada yangu. Mungu akuzidishie. Gari ni kuukuu lakini lina heshima zake. Mwezi uliopita ukalifungia kiyoyozi, kwa mbele tu. Ndipo mateso yangu yalipoanza:

1. Kwa heshima ya ukwe, mimi hukaa nyuma kabisa, kwenye benchi la pembeni. Selina hukaa mbele nawe, na ubaridi wote unaishia kwake. Jumapili iliyopita alivaa sweta. Mimi nilijipepea kwa kitabu cha nyimbo mpaka jalada likang'oka.

2. Umeagiza madirisha yote yafungwe ili ubaridi usitoroke. Huku nyuma haujawahi kufika, utatorokaje? Hata hivyo dirisha langu limekwama tangu enzi za ushirika.

3. Kwa kuwa siwezi kukupazia sauti, humtuma mjukuu wangu Queen aje kukwambia kwamba bibi anaungua. Akifika mbele anakutana na ubaridi, analala kabla hajafungua kinywa. Malalamiko yangu matatu yamelala naye.

4. Hili limeniuma, nalisema wazi. Tukirudi, unapitia ufukweni kuchukua sangara wa kupeleka kiwandani. Sangara hao hukaa nami nyuma, ndani ya sanduku la barafu, nawe husimama kila baada ya mwendo kidogo kuuliza kama barafu inatosha. Samaki aliyekufa anajuliwa hali, mkwe aliye hai anachemka! Je, soko huria limekuja kwa ajili ya samaki peke yao? Safari iliyopita nilizidiwa, nikakalia sanduku. Niliposhuka, paka wa Mabatini walinisindikiza mpaka mlangoni.

Tarehe 23 ni ubatizo wa mjukuu wangu mchanga Antoni, huko Bujora, na mimi ndiye nitakayempakata njia nzima. Hiyo ndiyo siku ninayoingoja tangu azaliwe. Kwa joto hilo, mtoto atabatizwa kwa jasho langu kabla padri hajamfikia.

Kwa hiyo naomba kiyoyozi cha pili, kielekezwe nyuma, kabla ya siku hiyo. Kisipofungwa, nitakwenda Bujora kwa miguu, nikipumzika kila penye watu na kuwaeleza sababu. Na kwa kuwa haki haigawanywi nusu, naomba pia sangara wahamie mbele, wakae na Selina.

Nisalimie Selina, Queen, Antoni na mama yako mzazi. Sangara sina salamu nao.

Ni mimi, kwa heshima na jasho,
Mwl. Bernadeta Malimi.

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimepita kwa fundi Obedi, hapa jirani, kuulizia. Anasema mtambo huo utachukua benchi langu lote, kwa hiyo bibi atahamia mbele, ubavuni mwa dereva. Nikakumbuka gia ya gari lako ilipo. Yaani kila ukitafuta gia ya pili, mkono upite kwenye goti la mama mkwe! Baba, heri nichemke. Futa yote niliyoandika hapo juu, usifunge kitu chochote. Sanduku la sangara nalo libaki palepale, ndilo nitakalokalia na Antoni wangu siku ya ubatizo. Ila barafu, tafadhali, ongeza kidogo.