Heshima Itaanza Saa Mbili Kamili

Wazazi, walimu, wapishi na wafagiaji wote wajue: kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, heshima itaanza kutumika katika shule zote za mkoa. Ndivyo lilivyosema tangazo, na chini yake palikuwa na mihuri miwili, kwa kuwa mmoja ungeonekana dharau.

Aliyeliandika ni Bwana Valeriu Scripcaru, Mkaguzi Mkuu wa Mwenendo na Heshima Darasani, mtu wa shingo fupi na saini ndefu. Kabla yake cheo hicho hakikuwapo, wala hakuna aliyekuwa amegundua kwamba hakipo. Katika miezi minane alikuwa amezaa Waraka Namba 214, kurasa arobaini na moja, na wakubwa wa Bukaresti, mji mkuu, walishamdokezea: lete matokeo, kiti cha naibu katibu wizarani ni chako. Suti ya kukalia kiti hicho ilikuwa tayari iko kwa fundi.

Waraka wenyewe, jamani, ulikuwa na akili. Kila aliyemo darasani, tangu kengele ya kuingia hadi ya kutoka, anaanza na alama kumi za mwenendo, na kila kosa linampunguzia. Na alama ya mwenendo si ya mchezo kwetu. Mtoto anaweza kufeli hesabu watu wakacheka, lakini mwenendo ukishuka bibi yake analia jikoni. Fomu haikujazwa na mwalimu, maana walimu hulindana. Ilijazwa na mwanafunzi wa zamu, yule anayefuta ubao, kwa kalamu ya wino, na kufuta neno ndani yake ni jinai. Mwalimu akisaini, inatiwa kwenye bahasha na kwenda Bukaresti siku hiyohiyo bila kupita mkononi mwa mtu yeyote wa mkoani. Bwana Scripcaru hakuwaamini wakuu wa shule hata kidogo. Aliwahi kuwa mmoja wao.

Halafu kilikuwapo kipengele cha kumi na saba: aliyeshuka chini ya sita, chochote alichosaini siku hiyo ni batili, na atakaa dawati la mbele siku kumi akijifunza, awe nani awe nani. Maneno "awe nani awe nani" aliyaongeza dakika za mwisho, kwa sababu yalisikika vizuri redioni.

Mwezi ulipokwisha, jumla zilirudi kutoka Bukaresti. Makosa yalikuwa tele, Mungu asifiwe. Shule moja ilikuwa na mia sita, mkuu wake akapewa cheti. Lakini Shule Namba Tatu, darasa la saba B, ilikuwa na sufuri.

"Sufuri?" Bwana Scripcaru alimfokea katibu wake. "Watoto wa miaka kumi na mitatu, mwezi mzima, sufuri? Huyu mwalimu ananichezea shere!"

Mwalimu huyo alikuwa Zenovia Tudose, wa historia, miaka ishirini na sita kazini. Bwana Scripcaru akaamuru barua ichapwe ya kumnyang'anya darasa na kumhamishia ghala la vitabu. Hakuisaini papo hapo. Yeye ni mtu wa haki, kwa hiyo alisubiri kwanza akamkague.

Siku ya ukaguzi, mkuu wa shule, Bwana Pamfil Ghica, aliandaa meza kama ilivyo desturi: kahawa, placinta, yale maandazi bapa ya jibini na siagi, zikitoa moshi, na kichupa cha tsuika, pombe kali ya matunda, kwa ajili ya baridi. Kengele ikalia.

"Mheshimiwa, kipindi kimeanza," alisema Ghica.

"Kianze kitu gani? Ukaguzi bado nautafuna."

Alitafuna dakika kumi na saba. Kisha akashika placinta moja mkononi, akapanda ngazi, akausukuma mlango wa saba B mpaka ukagonga ukuta. Ghica alibaki mlangoni, mikono nyuma.

"Simameni!"

Walikuwa wameshasimama.

"Mwalimu," alisema huku akitafuna, "kwenye darasa lako hakuna kosa hata moja. Hawa ni watoto au ni sanamu za kanisani?"

"Ni watoto, Mheshimiwa," alijibu Zenovia. "Wanakosea. Jana kwenye mapumziko Horia pale alimtukana mwenzake. Nilimwita pembeni, tukaongea, akaomba radhi."

"Pembeni? Bila mashahidi? Bila fomu?"

"Nikimuumbua mbele ya wenzake atajifunza kuumbua tu."

"Usinifundishe heshima, mama. Heshima nimeiandika mimi! Na wakipiga kelele?"

"Nanyamaza."

"Unanyamaza?"

"Nasogea karibu na wanaopiga kelele, nanyamaza mpaka waone haya kidogo. Kisha naendelea."

"Loo! Mshahara wa serikali unaliwa kwa kunyamaza! Na pasipo na kelele, sisi tutajuaje kwamba umezituliza?"

 Kabla Zenovia hajajibu, simu ya Bwana Scripcaru ikalia. Alikuwa fundi wa suti.

"Haloo! Eeh. Kiunoni ongeza. Ongeza tu, kitambaa si chako!"

Nyuma mtu akachekea puani. Bwana Scripcaru akaikata simu, akapandwa na mori.

"Nani huyo? Wewe! Wewe mwenye masikio kama vipini vya sufuria! Mjinga mkubwa!"

Horia akainama, na masikio hayo yakawa mekundu darasa zima likiyatazama.

"Mheshimiwa, ana jina lake," alisema Zenovia. "Anaitwa Horia."

"Nyamaza ninapoongea!" Akachomoa barua mfukoni, akaisaini juu ya meza ya mwalimu, akaiachia doa la siagi. "Kesho ghala la vitabu. Huko kanyamazie panya."

Zenovia aliisoma mara mbili. Darasa hili alilichukua likiwa la tano, likirushiana viatu, na alilipenda kuliko alivyowahi kusema. Macho yakamlowa. Bwana Scripcaru aliyaona, akaridhika. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Kengele ya kutoka ikalia. Msichana wa dawati la pili, Ilinca, mwanafunzi wa zamu, akasimama na karatasi.

"Fomu ya leo iko tayari."

"Lete niione."

"Haipiti mkononi mwa mtu wa mkoani, Mheshimiwa. Ndivyo waraka unavyosema."

"Umeona?" Bwana Scripcaru alimgeukia Ghica, uso umemchanua. "Huyu ndiye mtoto! Haya, binti yangu, tusomee kwa sauti."

"Wanafunzi ishirini na saba, kumi kila mmoja. Mwalimu Tudose, kumi. Mgeni mmoja: kuchelewa, moja. Kuingia bila hodi, moja. Kula darasani, moja. Simu, moja. Kumdhihaki mtu maumbile yake, mbili. Kumwambia mwalimu anyamaze, mbili. Mgeni amebakiwa na mbili."

Bwana Scripcaru akageuka kumtafuta huyo mgeni. 

"Hiyo si kwa ajili yangu!"

"Imeandikwa kila aliyemo," alisema Ilinca. "Awe nani awe nani."

Bwana Scripcaru akainyooshea mkono karatasi.

"Mheshimiwa, kufuta ni jinai," alisema Ghica kutoka mlangoni, kwa upole wa mtu aliyesubiri miezi minane.

Basi mkaguzi akamsogelea Zenovia, sauti imemshuka. "Mwalimu, usisaini. Twende pembeni, tuongee kama watu wazima."

"Ningependa sana, Mheshimiwa. Pembeni ndiko ninakoongea na waliokosea." Akachukua kalamu. "Lakini wewe umesema bila mashahidi haifai."

Akasaini. Bahasha ikaondoka na gari la posta la mchana, na ile barua ya ghala ikawa batili, siagi na vyote.

Bukaresti walifurahi kupita kiasi. Walitaka matokeo, na haya ndiyo ya kwanza yaliyoonyesha waraka unafika hadi juu. Kiti cha naibu katibu walimpa mwingine. Bwana Scripcaru alikata rufaa, lakini rufaa za mwenendo mkoani huamuliwa na Mkaguzi Mkuu, naye kwa siku kumi hakupatikana ofisini, kwa kuwa alikuwa dawati la mbele, saba B.

Jumatatu alifika amevaa suti mpya, maana fundi hakukubali irudishwe. Mlangoni alisimama Zenovia kama kila siku, akiwasalimia mmoja mmoja.

"Karibu, Bwana Valeriu. Umewahi leo. Vizuri."

Alijibana kwenye dawati, magoti yakagoma, akakaa upande. Kipindi kizima hakuthubutu hata kukohoa. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Horia. Kengele ya kutoka ilipolia, Horia akaja na fomu na kalamu ya wino, akasimama mbele yake, akayatazama masikio ya Bwana Scripcaru kwa muda mrefu.  Akaandika kumi, na Bwana Scripcaru akaona afadhali angetukanwa.