Geji ya Shangazi na Idara ya Presha Zote

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Idara ya Presha Zote ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna presha itakayopanda wala kushuka bila Idara kuwa na habari. Tangazo lilikuwa na mihuri mitatu; wa tatu ulikuwa wa kuthibitisha kwamba ile miwili ya kwanza ni mihuri kweli. Presha ya damu ilisamehewa kwa muda, mpaka kamati itakapokaa.

Aliyelipokea tangazo hilo kwa moyo mweupe kuliko wote alikuwa Mkaguzi Msaidizi. Mtaani walimwita Kifungu, maana hata ukimsalimia alikujibu kwa namba ya kifungu. Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita, na miezi hiyo sita sasa ilikuwa imeingia mwaka wa tano. Kila alfajiri alimwomba Mungu amjalie barua ya kuthibitishwa kazini. Jumatatu hiyo aliona sala imejibiwa, kwa sababu Mkurugenzi mwenyewe alimwita ofisini.

"Niletee kipimo kimoja kisicho halali," alisema Mkurugenzi, "na barua yako nitaitia saini."

Jibu la sala lilikuja na kasoro moja tu. Kwenye orodha ya gereji, namba moja ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea tangu ana meno mawili. Kifungu akasema ukweli huo, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema ukweli. Mkurugenzi hakukasirika. Alichukua kalamu, akafungua kanuni kwenye kifungu cha tisa, akaongeza maneno matano: *bila kujali ni cha nani*.

Kifungu alimkuta shangazi yake amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo iko nje.

"Shangazi, shikamoo. Leo sikuja kama mtoto wa kaka yako. Nimekuja kama Idara."

"Marahaba. Na Idara imekula?"

"Idara haili kazini. Kifungu cha pili."

"Basi Idara inishikie hiyo tochi."

Idara ikashika tochi.

Shangazi alipotoka chini ya gari akajifuta mikono, Kifungu alikuwa ameshakiona alichotumwa. Kilikuwa juu ya meza ya kazi, kimelazwa kwenye kitambaa safi kama mtoto mchanga: geji ya duara iliyong'olewa kwenye kompresa iliyokufa, kiungo cha shaba chenye midomo mitatu, kipande cha mpira wa mafuta na klampu nne. Kila penye uzi wa skrubu palizungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba.

"Hiki umekipata wapi?"

"Nimekitengeneza. Wiki nzima. Nilikisukumia upepo kwa pampu ya baiskeli, nikakizamisha kwenye beseni la maji ya sabuni, nikatazama kama kuna povu. Mara tatu kilitoa povu. Mara ya nne kikatulia."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya shida." Shangazi alikinyanyua. "Gari likikohoa, wenzangu wanabahatisha. Wanabadili pampu, na kesho linakohoa tena. Mimi nachomeka hiki kwenye njia ya mafuta, nawasha, namuuliza mshale. Mshale hauna mjomba, baba. Haumpendelei mtu."

"Na hii alama nyekundu?"

"Rangi ya kucha. Mshale ukifika hapo, presha inatosha."

Kifungu aliandika: *Rangi ya kucha haimo katika orodha ya alama halali.*

"Nifanyeje kiwe halali?"

"Ni rahisi sana, Shangazi. Kinalinganishwa na Geji Kuu ya Idara."

"Haya, kaniletee hiyo Geji Kuu."

"Haijawahi kutolewa kwenye boksi. Ikitolewa itakuwa imetumika, na kitu kilichotumika hakiwezi kuwa Geji Kuu."

Shangazi alikirudisha kipimo kwenye kitambaa. "Nilikupeleka shule kwa miguu yangu hii."

"Nashukuru, Shangazi."

"Siilaumu shule."

Kifungu alikitia kipimo kwenye mfuko, akatoa kipande cha lakiri, ile nta ya kupigia muhuri, akaomba kiberiti.

"Kawashie nje," alisema Shangazi. "Humu mna petroli, na petroli haisomi vifungu."

Aliporudi na mfuko uliopigwa muhuri, ilibaki karatasi ya mwisho. Aliisoma huku anatazama spana ukutani. Ijumaa saa nne, Mkurugenzi angekuja na kufuli kuifunga gereji hii moja kwa moja, iwe mfano kwa nyingine. Kifungu alitaka kutaja na kifungu chenyewe, ila akaikunja karatasi kabla ya kufika kwenye namba. Gereji hii ndiyo iliyomnunulia madaftari.

"Miaka kumi na tisa," alisema Shangazi polepole. Kisha akajilaza tena chini ya pikapu. "Waambie waje na viti vyao."

Ijumaa walikuja na viti, turubai, vipaza sauti, na kufuli jipya juu ya mto mwekundu. Ratiba ilisema: *Saa nne kamili, Mgeni Rasmi atafungua rasmi ufungaji wa gereji.* Sala ya kufungua ikaombwa. Mgeni hakufika. Ikaombwa tena. Mara ya tatu kiongozi wa sala aliombea mvua, kwa kuwa mengine yote yalikuwa yameshaombwa.

Mgeni mwenyewe, yaani Mkurugenzi, walikuwa wanamwona. Gari lake jeusi lilikuwa limesimama kwenye mwinuko, hatua mia mbili kutoka turubai, linakohoa na kuzimika. Kushuka atembee haikuwezekana, maana ratiba ilisema atawasili kwa gari, na ratiba ilikuwa na muhuri. Watu wakajitolea kusukuma. Idara ikakataa, ikieleza kuwa kusukuma nako ni aina ya presha.

Dereva alishuka mbio hadi gereji. "Mama, tuokoe! Likiona mlima linakata kabisa."

"Na tambarare?"

"Tambarare linakwenda kwa kubembelezwa."

"Ni pampu au ni filta. Bila kupima nitabahatisha, na mimi sibahatishi." Shangazi alikunja mikono. "Kipimo changu kimefungwa."

Watu wote wakamgeukia Kifungu, aliyekuwa ameukumbatia mfuko. Alieleza kwamba lakiri haivunjwi ila kwa amri ya maandishi. Akakimbia mlimani, akapitisha karatasi dirishani, akarudi anahema. Mkurugenzi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: *GEJI HII ITUMIKE KWA SHUGHULI ZA IDARA.*

Lakiri ikavunjwa, Shangazi akapanda mlima na kipimo chake, beseni na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Aliwasogeza watu, akafumba macho, akaomba dua fupi, ndiyo kawaida yake kabla ya kugusa injini ya mtu. Alipima kwanza kabla ya filta, dereva akawasha. Mshale ukaruka hadi kwenye rangi ya kucha. Akahamishia kipimo baada ya filta. Mshale ukajikokota, ukachoka njiani.

"Pampu ni nzima," alisema. "Filta imeziba."

"Haiwezekani!" Mkurugenzi alitoa kichwa dirishani. "Filta ya gari hili inabadilishwa kila baada ya miezi mitatu!"

"Ni kweli," alisema Kifungu, ambaye daftari la magari ya Idara lilikuwa kwapani mwake. "Imebadilishwa mara kumi na sita, na kila mara mheshimiwa ametia saini kwamba ameiona."

Shangazi alifungua klampu mbili, akaitoa filta, akaiinamisha juu ya beseni. Kikatoka kitu cheusi, kizito, kisichokuwa na haraka. Ubavuni bado ilikuwa na karatasi ya kiwandani.

"Hii haijaonja spana tangu izaliwe," alisema.

"Kumbe kilichokuwa kinabadilishwa ni wino!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Watu walicheka, lakini Kifungu hakucheka. Aliomba kimoyomoyo aoneshwe kifungu, akaoneshwa, akakisoma kwa sauti: "Kifungu cha tisa. Chombo kitakachokutwa na presha pungufu kitatiwa lakiri papo hapo, bila kujali ni cha nani."

Akaomba kiberiti, akasogea mbali na gari kama alivyofundishwa. Mkurugenzi akateremka upesi.

"Wewe! Unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Nimekuandika hapa, mstari wa tatu."

Lakiri ikapigwa kwenye mlango wa gari. Na kwa kuwa ratiba ilitaka kufuli lifungwe, lilifungwa kwenye mnyororo uliozungushwa gurudumu la mbele. Watu wakapiga makofi. Makofi nayo yalikuwa kwenye ratiba.

"Haya, lifungue basi!" alisema Mkurugenzi.

"Linafunguliwa kwa cheti cha geji ya Idara," alisema Kifungu. "Geji Kuu haitoki kwenye boksi. Imebaki hii ya Shangazi, ambayo mheshimiwa ameiandikia kuwa ni ya shughuli za Idara. Kwa hiyo ni halali, na gereji inayoitunza haifungwi. Halafu inahitajika saini ya mkaguzi aliyethibitishwa kazini."

"Yupo wapi?"

"Hayupo, mheshimiwa. Sote tuko kwenye majaribio."

Barua iliandikwa palepale juu ya boneti. Kifungu aliisoma mara mbili, akamshukuru Mungu, akaikunja mfukoni.

"Sasa, mheshimiwa. Maombi yanapokelewa Jumatatu."

Jumatatu Mkurugenzi alikuja gereji kwa miguu. Alikuta watu watatu wametangulia, akaketi juu ya tairi kuukuu akisubiri zamu. Mchana zamu ikafika. Chini ya pikapu ilionekana miguu tu.

"Nani huyo?"

"Ni Idara," alijibu kwa sauti ndogo.

"Imekula?"

"Bado, mama."

"Itakula tukimaliza. Ishike hiyo tochi."