Gobori la Babu na Sindano ya Karani

Mchafukoge,
Dar es Salaam,
14 Agosti 1934

Kwa Bwana Shauri Mheshimiwa, Mkuu wa Wilaya,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Bibi, na mbwa wenu aliyenibwekea juzi mlangoni pa ofisi. Yeye nimemsamehe, hakunijua. Nisiyeweza kumsamehe ni karani wako, Bwana Kasmir.

Mimi ni Nasor bin Humoud, muuza tende na kahawa jirani na soko la Kariakoo. Nimemposa Azza, binti wa Bwana Suud mwenye duka la nguo, nami nampenda hata nikipima tende nakosea mawe ya mizani, na wateja wananidhania mwizi. Bwana Suud hakukataa. Alisema tu kwamba binti yake ataolewa kwenye nyumba yenye jina. Jina la nyumba yetu ni gobori la marehemu babu, ambalo Mchafukoge nzima inajua kuwa lilimuua simba wa Pugu. Bwana Suud akasema maneno matupu hayavunji mfupa, akataka cheti cha Serikali chenye historia na thamani ya silaha hiyo. Nikaliviringisha kwenye mkeka, nikakatiza Mnazi Mmoja kifua mbele, nikaja kwenu.

Bwana Kasmir alitoa sindano ya kushonea magunia, akaichomeka pale panapopita moto ili ufikie baruti ndani. Sindano ikagoma. Akaandika hivi: "Tundu la moto halijatobolewa tangu gobori lilipoundwa. Halijapata kulia hata siku moja. Thamani: hakuna, ila kitako ni cha mbao nzuri." Akagonga mhuri, akanipa pole.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Kasmir ni mtu wa Kilimanjaro. Hakumwona babu wala simba. Atawatoleaje ushahidi kwa sindano ya magunia?

2. Gobori lisilo na tundu haliui. Basi simba wa Pugu hakufa. Naomba Serikali iniambie yuko wapi, maana sasa ana miaka sitini na ushei na njaa ya muda wote huo, na watu wanakwenda kule kukata kuni bila habari.

3. Bibi yangu, Bi Thuraya, aliozwa kwa babu kuwa ni tunzo ya kumuua simba huyo. Simba hakufa, ndoa haikuwapo. Karani wako amemwachisha bibi wa watu, ajuza wa miaka themanini, bila kadhi, bila mashahidi, na mume yuko kaburini. Eda aanze kuihesabu lini?

4. Ndoa haikuwapo, baba yangu hakuzaliwa. Baba hakuzaliwa, mimi ni nani? Nimejitazama kwenye kioo cha kinyozi nisione kasoro, lakini cheti kina mhuri na mimi sina. Kwa hiyo naomba nirudishiwe kodi ya kichwa ya miaka yote. Kichwa chenyewe hakikuwapo.

5. Bwana Suud hawezi kumwoza binti yake mtu ambaye hakuzaliwa. Hata ningekuwa mimi nisingekubali. Bwana Shauri, hayo mengine nimeyaandika kwa hasira, hili ndilo linaloniuma. Cheti nimekificha chini ya gunia la tende, na Alhamisi Bwana Suud anakuja kukisoma.

Ombi langu ni dogo. Bwana Kasmir alitoboe tundu hilo, kisha aandike kuwa amelikuta. Serikali imekwisha kutoboa mifuko yetu mingi, tundu hili moja haliwezi kuishinda.

Wasalimie wote wa nyumbani, mpishi, na makarani wote kasoro mmoja.

Mimi mtiifu wako, kama nipo,
Nasor bin Humoud

Baada ya kutia sahihi: Nimemsomea bibi yangu waraka huu ili auombee dua. Amecheka hadi kikombe kikamponyoka. Anasema simba yule alikuwa kikongwe asiye na jino, akatumbukia kisimani mwenyewe. Gobori babu alilinunua mnadani miaka mitatu baada ya harusi, kwa kuwa kisa kilikuwa kimekua na kilihitaji silaha. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kuolewa naye. Akanijibu kuwa wachumba wengine walizungumza na baba yake, babu peke yake ndiye aliyezungumza na yeye.

Kisha akavaa buibui, akakichomoa cheti chini ya gunia, akaenda nacho kwa Bwana Suud. Amerudi sasa hivi. Bwana Suud alikisoma mara mbili, akalitazama gobori la babu yake mwenyewe ukutani, akafunga mlango wa duka, akamuuliza kwa sauti ya chini kama Serikali inapima na magobori ya watu wengine. Mambo ya jina la nyumba ameyaacha.

Kwa hiyo tafadhali Bwana Kasmir asibadili hata nukta. Barua hii ningeichana, ila stempu nimekwisha kuibandika.

Azza naye alikuwa nyuma ya pazia la duka akisikia yote. Amemtuma Bibi aniulize: katika mbio zangu zote hizi, cheti, karani na Serikali, nilipata kumuuliza yeye kama ananitaka?

Sikumuuliza. Bibi anavaa viatu tena, tunakwenda.