Nilivyogeuka Kitasa cha Bafu la Watu

Leo nimeumbuka. Gharama yake ni kitasa kimoja, ukucha wa kidole gumba, na nyumba sita. Nimehesabu mara mbili. Ukucha utaota tena. Nyumba sita ndizo sijui, na ndiyo maana naandika.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa milango na madirisha hapa Makambako. Wanaonijua wanajua pia lugha ya kazi yetu. Fundi akikuambia kwenye simu "nimeshamaliza," maana yake amekukumbuka. Akisema "namalizia," anatafuta mbao. Akisema "njoo uchukue," hapo ndipo anaanza. Hakuna anayedanganywa. Ni kama bei: mimi nataja ishirini, wewe unasikia kumi na mbili, tunakutana kumi na tano na tunaagana vizuri. Mama Tumaini nilipomwambia dirisha lake liko tayari aliniuliza, "Nije leo, au nije kweli?" Huyo ndiye mteja.

Bwana Phiri si Mama Tumaini. Bwana Phiri ni Mzambia, meneja wa shamba la parachichi kule Njombe, na Kiswahili chake kinaishia kwenye "asante." Shamba lina nyumba sita za wafanyakazi ambazo milango yake imechoka. Aliniambia wazi, kupitia mkewe ambaye ameokota Kiswahili sokoni, kwamba nikimtengenezea vizuri mlango wa bafu la nyumbani kwake, hizo sita ni zangu. Mlango mmoja kwa nyumba sita. Usiku ule sikulala, nilikuwa nazidisha.

Wiki iliyopita nikaenda, nikang'oa kitasa kibovu nikaondoka nacho kama sampuli, nikaacha tundu la kupitisha ngumi. Halafu kazi nyingine zikaingilia. (Zilikuwa na malipo ya papo hapo, msinihukumu.) Bwana Phiri na mkewe wakasafiri kwenda Tunduma mpakani kumpokea mama mkwe, anayekuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza. Ufunguo wakamwachia mlinzi. Siku ya kurudi sikuielewa vizuri, nikajipangia yangu.

Ila Bwana Phiri alikuwa ametaka taarifa ya kazi kwa Kiingereza. Shemeji yangu Upendo, mwalimu wa sekondari, akanikalisha jioni moja. Akasema ni rahisi: kazi ikishakamilika, unaanza na "I have," halafu unaitaja kazi yenyewe. Nikakariri sentensi tatu mpaka mke wangu akaomba nikakaririe nje.

Leo saa sita mchana niko kijiweni nakunywa chai, Bwana Phiri anapiga. Akaongea kwa kirefu. Nikaambulia "door," na sauti yake ikapanda mwishoni, nikajua nimeulizwa.

"I have repaired the door," nikasema.

Ikanipendeza jinsi ilivyotoka, nikaongeza ambayo hata sikuulizwa: "I have changed the lock. I have oiled the hinges." Kiingereza changu kikishaanza kuteremka hakina breki.

Jamani, alifurahi. Akashukuru, akaongea tena kwa kirefu, humo ndani nikasikia neno la mama. Nikamjibu kwamba mama yangu hajambo, anamsalimu pia.

Nikarudi nyumbani nikitembea kama bosi. Shemeji Upendo alikuwa kwetu, shule zimefungwa. Nikamwigizia Kiingereza cha Bwana Phiri sauti kwa sauti, hata nisichokielewa. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama huo mlango nimeutengeneza kweli. Nikamwambia bado, ila nimeshamaliza.

"Shemeji," akasema, "huyo amekwambia wako hapa hapa Makambako wanakula. Wakitoka hapo wanampeleka mama mkwe nyumbani. Na amesema alikuwa na wasiwasi na mlango wa bafu, sasa amani."

Nilikuwa na muda wa sahani moja ya wali.

Nikakimbilia duka la vifaa. Nikauliza bei ya kitasa, nikatajiwa, nikalipa. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Muuzaji alinirudishia chenji kwa mikono miwili na kuniuliza kama tumepata msiba.

Gari la Njombe nikaliwahi kwa mlango wa nyuma. Getini kwa Bwana Phiri nikamkuta mlinzi, Baba Eliza, amejikunja ndani ya koti zito. Hata salamu yangu ya "kamwene" hakuiitikia vizuri, alikuwa na la moyoni.

"Fundi, mke wa bosi kanipigia kasema mlango umepona. Nikaenda kutazama, nikaona tundu. Nikatoka, nikarudi, nikaona tundu. Nikasema basi, macho yangu."

Nikamwambia macho yake ni mazima. Akauliza kwa hiyo nani amepona. Nikampokonya ufunguo nikaingia ndani.

Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu. Nikaung'oa, nikapiga randa pembeni. Kitasa kipya nikakijaribu kwenye tundu, kikapita chote kikaangukia ndani ya bafu. (Sampuli nilikuwa nimeiacha kijiweni, kando ya chai.) Nikaurudisha mlango kwa skrubu mbili, moja juu, moja chini. Tundu nikaliziba kwa kofia yangu. Mpini wa kitasa kipya nikaugongea kwa nje kwa msumari, na hapo ndipo ukucha ulipokwenda. Nikasikia honi getini.

Wakaingia. Mama mkwe ni mama mnene mwenye heshima zake, amesafiri kutoka kwenye joto na kukutana na baridi ya Njombe ya mwezi wa sita. Hakutaka chai. Alitaka maji ya moto. Bwana Phiri aliponiona kwenye korido alinishika mkono kwa furaha, akamtambulisha mkwewe kwangu, akanyoosha kidole kwenye mlango na kutaja yote niliyoyasema kwenye simu, kwa mpangilio ule ule. Nikaitikia kwa kichwa. Mkono wangu wa pili, nyuma ya mgongo, ndio uliokuwa umeushikilia.

Wao wakaenda kushusha mizigo. Mama akaingia bafuni, akarudishia mlango. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu. Akaurudishia. Ukafunguka. Nikaona nyumba sita zinaondoka moja moja.

Basi nikaushika ule mpini, nikavuta, nikageuza uso ukutani. Nikawa kitasa.

Ndani maji yakaanza kumwagika. Na mama akaanza kuimba. Maneno ya kwao, lakini wimbo ni ule ule wetu wa kanisani, ule wa kushukuru kufika salama. Sasa, wanaonijua wanajua mimi ni besi kwaya kuu. Naapa sikukusudia. Ubeti wa kwanza nilivumilia. Kwenye kiitikio, pale ambapo besi inaingia peke yake, ikaingia.

Kuimba kukakoma. Maji yakakoma.

Nikasikia khanga zikifungwa kwa haraka, kisha mlango ukavutwa kutoka ndani. Mimi, kwa mazoea ya kitasa, nikavuta kwangu. Akavuta. Nikavuta. Mama ana nguvu. Skrubu ya juu ikatoka, ya chini ikafuata, na mlango mzima ukanilalia kifuani. Upande wa pili amesimama mama mkwe wa watu, kajifunga mpaka shingoni, anaitazama kofia yangu.

Bwana Phiri, mkewe na Baba Eliza wakafika kwa pamoja. Bwana Phiri akaniuliza jambo polepole sana, nadhani kuhusu mlango. Mimi nimeukumbatia. Kichwani nilikuwa na sentensi moja tu, nikaitoa:

"I have repaired the door."

Mama mkwe akasema neno kwa lugha yao. Mke wa Bwana Phiri akacheka mpaka akakaa juu ya begi. Nikamwomba anitafsirie.

"Mama nauliza, huku kwenu kitasa naimba?"

Bwana Phiri hakucheka.

Nimefanya kazi mpaka jioni, wote wamekaa kwenye viti wananitazama. Baba Eliza kaniazima baiskeli nikapata kitasa saizi yake mjini. Mlango sasa unafunga. Mama mkwe mwenyewe kaujaribu, kaingia na kutoka mara kadhaa, kaniachia hata tabasamu. Wakati wa kuaga nikamwomba mkewe aniulizie habari ya zile nyumba sita. Bwana Phiri akanitazama usoni, akasema atanipigia kesho.

Hapo ndipo nimekwama. Angesema Mtanzania "nitakupigia kesho," ningejua nimekosa, ningelala. Lakini huyu nimeshaona maneno yake hayapunguzwi bei. Inawezekana kesho kweli atapiga. Na kesho hiyo hiyo kuna mtu kule Kitandililo, ambako mtandao wa simu unasumbua, ananisubiri nikamwekee fremu, nimeshamwambia nimefika.

Ndugu zangu mnaojua Wazambia, chekeni baadaye. Kwanza nishaurini: nikae na simu mkononi, au niende Kitandililo?