Saa Moja ya Akiba

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimekuwa mwalimu! Wiki moja ya majaribio, kidato cha tatu, hapa hapa Tunduma: ujasiriamali, matumizi mazuri ya fedha na maandalizi ya kazi. Ijumaa mkuu wa shule, Madamu Yunisi, atajaza fomu yangu. Akinisifu, napata mkataba wa mwaka. Asiponisifu, mkataba ni wa Osward, anayejaribiwa shule ya pili, nami narudi Ihanda kuchuma kahawa kwa baba mkwe. Mke wangu Restuta keshanitafutia kikapu.

Somo la kwanza: kujali muda. Nilichelewa saa nzima. Si kosa langu! Tunakaa karibu mno na mpaka. Simu ilinasa mtandao wa Zambia, ikajirudisha nyuma saa moja bila kuniuliza. Erica, msichana wa dawati la mbele, akauliza kama hilo nalo limo kwenye somo. Nikasema ndiyo, nilikuwa nawapima uvumilivu. Akaandika daftarini. Naogopa watoto wanaoandika kila kitu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimewahi! Nilibeba saa ya ukutani ya Restuta kwenye mfuko.

Kikundi cha Erica kinataka kuwauzia uji madereva wa malori walio kwenye foleni ya mpakani. Nikasema wazo dogo hilo, waote makubwa. Nikatazama dirishani. Mawingu yalikuwa yanavuka taratibu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, bila pasipoti, na nikaona kila kitu. Huku saa nne, kule saa tatu. Ukivuka tu, umepata saa moja ya bure! Mtu angeiuza. Wachelewaji ni wengi mno nchi hii. Nikaona ofisi ya vioo, Osward akifagia ngazi, upepo ukicheza na mapazia. Nilikuwa bado nachagua rangi ya mapazia nilipogeuka. Darasa lilishaondoka.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemkuta Osward sokoni. Tai nyekundu, mkoba. Kasema shuleni kwake wanamlilia abaki. Mwongo. Nikasema kwangu wamenishonea koti.

Sasa natafuta koti. Mzee wa kanisa, Jairo, kaniazima lake. Mikono inapita vidole. Nikiandika ubaoni, nafuta papo hapo.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana baada ya masomo Erica na kikundi chake waliuza uji, ndoo mbili zikaisha. Wakaniuliza faida waiweke wapi. Nikasema faida ni hali ya moyo. Erica hakuandika. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Kesho Madamu Yunisi atakaa nyuma ya darasa. Somo ni usaili wa kazi. Roho juu! Nimesogeza simu mbele saa moja, na saa ya ukutani pia. Sichelewi ng'o.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango ulifanikiwa kupita kiasi. Nilifika mapema mno, wanafunzi bado wanafagia uwanja. Nikaenda nyuma ya jiko kufanya mazoezi ya somo. Palikuwa na jua zuri, na lile koti lina joto. Nikafumba macho nipange maneno. Mapazia yawe ya kijani, nikaamua.

Mpishi, Ketrina, aliniamsha saa nne. Alitaka kuni nilizokalia.

Nikakimbilia dirishani. Erica alikuwa ubaoni, anafundisha usaili, wenzake wanajibu na kucheka. Anafundisha vizuri. Niliona aibu, na fahari kidogo, sijui kwa nini. Madamu akatoka, akasema fomu ameshaijaza. Alisema kwa upole, na hapo ndipo nilipojua. Mkataba ni wa Osward.

Jumapili, 17 Agosti

Erica kaleta barua, imepigwa muhuri wa kuchora kwa kalamu. Kikundi cha uji kinatafuta mtu mzima wa kusukuma toroli wakati wao wako darasani. Wiki moja ya majaribio. Usaili ni kesho saa moja kamili asubuhi, kabla ya kengele. Nisije na koti.

Restuta alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema niende, kikapu kitasubiri siku moja.

Nimefurahi! Toroli ni mwanzo tu. Mwezi haufiki, mimi mkurugenzi. Tutalipaka kijani, tulifunge na mapazia. Na safari hii nimejipanga: nimeiweka simu kwenye saa za Zambia, ili niwe na saa nzima ya akiba.