Mjukuu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Januari

Haiwezekani! Nimekaa jikoni na koti bado liko mwilini. Vifungo havifunguki. Gintautas, meneja wa Korongo wetu, mtu aliyekabidhiwa timu ya mpira wa kikapu akaigeuza gulio, amemuuza Mantvydas. Mantvydas! Kijana wa hapa hapa mjini kwetu Gervėnai, mtu pekee kikosini anayetoa pasi ikamfikia mwenzake. Tumefungwa mechi tisa mfululizo, na hiyo ndiyo dawa aliyoiona. Badala yake tumepata nini? Basi. Basi la mtumba, lenye choo.

Nilimpigia mke wangu Raminta shuleni, anakofundisha Kiingereza. Nikamwambia kuna msiba. Akauliza kwa hofu nani amefariki. Nikamweleza. Akakata simu.

Jumatano, 14 Januari

Nilidhani nimeshashtuka. Kumbe Jumatatu ilikuwa salamu tu.

Gintautas amesajili mgeni mwingine. Mpwa wa wakala wake, anatua Ijumaa ya wiki ijayo. Kanuni za ligi ni wageni watatu tu, kwa hiyo siku hiyo mmoja lazima aondoke. Na anayeondoka ni Whitlow! Cornell Whitlow wa Alabama, senta wetu, yule mrefu wa chini ya kikapu, ambaye bila yeye watu wangekuwa wanatoka ukumbini robo ya pili kwenda kulisha kuku. Nilisoma habari hiyo mara tatu. Mara ya tatu nilisoma kwa sauti, nikamtisha paka.

Jioni tulikutana baa, mashabiki wote, kwa bia na mkate wa kukaanga wenye kitunguu saumu. Zenonas, jirani yangu, ni mwenyekiti wetu kwa sababu moja tu: ngoma ni yake. Akasema tuandike bango. Bango! Mtu anazama, yeye anataka kuandika bango. Ndipo nikaikumbuka kanuni ya pili. Mgeni mwenye bibi au babu Mlithuania huhesabiwa mwenyeji. Nikaweka glasi mezani taratibu. Whitlow hahitaji bango. Anahitaji bibi.

Na bibi ninaye. Mama mkwe wangu, Genovaitė, miaka themanini na moja, anaishi nasi. Mjukuu wake wa pekee, mwanetu, yuko Norwe anachomelea meli, na hupiga simu Krismasi. Bibi mzima, mwenye afya, amekaa bure.

Alhamisi, 15 Januari

Nilimwendea Mama asubuhi, akimenya viazi. Nilizunguka sana kwa maneno. Nikauliza kama kuna ndugu yake yeyote aliyewahi kwenda Marekani. Akasema shangazi yake Petronėlė alipanda meli kabla ya vita, na hajaandika mpaka leo. Nikasema, unaona!

Nikampa gazeti lenye picha ya Whitlow. Akavaa miwani, akaitazama mpaka maji ya viazi yakapoa. Akauliza ana urefu gani. Akauliza kama anakula. Kisha akatamka kwamba masikio ni ya Petronėlė.

Raminta, kwenye sinki, akaacha sahani. Akamwambia, "Mama, huyo mtu ni mweusi."

Mama akamjibu bila kuinua macho: "Kwani nimesema ngozi? Nimesema masikio."

Raminta akanigeukia mimi. Akaniambia huu ni uongo, ni aibu, na kwamba mama yake si kifaa cha kuazimwa. Nikamweleza kwamba si uongo, ni jambo ambalo halijathibitishwa bado. Nimelala kwenye kochi. Lakini nimelala na matumaini.

Jumapili, 18 Januari

Whitlow amekuja kula! Nilimvizia nje ya mazoezi, nikamwonyesha tumbo, kijiko na nyumba yangu kwa ishara, akakubali. Aliinama mlangoni, na bado akagonga kichwa.

Mama alipika cepelinai, yale madonge ya viazi yenye nyama ndani, kila moja kubwa kama kiatu cha mtoto. Watu wazima hushindwa la pili. Whitlow alikula matano. Mama alikuwa akiyahesabu kwa midomo, uso umemng'aa.

Mpango ulikuwa kwamba Raminta atafsiri. Nikamwambia amweleze mgeni kuhusu Petronėlė na meli. Sijui alimwambia nini, maana Whitlow aliweka uma chini. Akasema bibi anaye. Alikuwa naye. Ndiye aliyemlea. Alifariki Oktoba, yeye akiwa njiani na timu, na meneja akamwambia mechi kwanza. Hakuzika. Na mechi yenyewe tulifungwa.

Hiyo sikuijua. Niliikumbuka mechi hiyo vizuri, nilimzomea.

Mama aliuliza kijana amesema nini. Raminta akamwambia. Mama akainuka, akaenda chumbani, akarudi na soksi za sufu za marehemu baba mkwe. Hazikupita vidole. Akachukua kamba, akampima mguu pale pale sakafuni, amepiga magoti, akisema atamfumia nyingine, na kwamba nchi hii haina huruma na miguu ya watu. Akamsogezea donge la sita. "Kula, mwanangu."

Whitlow alimshukuru kwa Kilithuania. Nilitaka kulia. Kisha nikakumbuka Ijumaa, nikajikaza.

Usiku nilimwambia Zenonas siri yote, baada ya kumwapisha.

Jumatatu, 19 Januari

Mji mzima unajua. Muuza mikate ameniuliza Mama anaendeleaje na mjukuu. Zenonas anasimulia habari hii kama yake! Anadai alihisi tangu mwanzo, kwa jinsi Whitlow anavyosimama kwenye mvua bila kulalamika. Nilipomkabili, akasema, "Jirani, wivu utakuua," akapiga ngoma mara moja, hivi hivi, kwa dharau.

Gazeti la mji limempigia Mama simu. Amewaeleza meli, masikio, na kwamba timu haimlishi mtoto.

Jumatano, 21 Januari

Siku kubwa ya maisha yangu. Raminta ananikumbusha kwamba tulioana.

Mama alikuja ukumbini, mara ya kwanza tangu baba mkwe afariki. Alikalia kiti cha marehemu, alichorithi yeye, safu ya mbele, nyuma ya benchi letu. Kiti hicho nimekiomba kwa adabu miaka sita. Mimi hukaa nyuma ya nguzo, naona kikapu kimoja tu.

Robo tatu za kwanza zilikuwa mateso. Mama alikuwa amemlisha kijana madonge saa moja kabla ya mechi, na Whitlow hakuweza kuruka. Mpira unagonga chuma, unadunda juu ya kichwa chake, yeye anautazama tu kwa heshima. Zenonas alinipigia kelele kutoka upande wa pili kwamba mama mkwe wangu ameuza mechi. Lakini robo ya nne chakula kikashuka! Whitlow akaanza kudaka kila kitu. Sekunde za mwisho akapaa, akaupigilia mpira kikapuni kwa mikono miwili, tukashinda kwa pointi moja. Tumeshinda! Nimesikia tu, kikapu kilikuwa upande unaofichwa na nguzo. Akakimbia moja kwa moja kwa Mama, akainama, na Mama akamfuta jasho kwa kitambaa chake cha kichwani.

Ukumbi wote ulikuwa unalia. Mtu mmoja tu hakulia: Gintautas. Alisimama kando akimtazama mama mkwe wangu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Nikamfuata. Nikamwambia, bibi halisi huyo, damu kabisa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa. Akauliza tena. Nikaapa zaidi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema nimemfumbua macho.

Nimemwokoa Whitlow. Mimi!

Ijumaa, 23 Januari

Siamini. Siamini, siamini.

Amemuuza.

Amemuuza Whitlow kwa Mbwamwitu wa Vilnius! Watu hao tunawachukia tangu tunanyonya! Nilisikia redioni nikinyoa, nusu ya uso bado ina povu mpaka saa hizi. Gintautas amewaeleza waandishi bila haya. Senta mgeni, anasema, wapo tele. Lakini senta mgeni anayehesabiwa mwenyeji ni dhahabu, kila timu kubwa inamtaka, na Mbwamwitu wametoa bei mara tatu. Anamshukuru shabiki mmoja mwaminifu kwa kumpa habari hizo. Akataja jina langu! Vidmantas, nyuma ya nguzo.

Zenonas, ambaye mpaka jana wazo lilikuwa lake, leo anatangaza baa nzima kwamba lilikuwa langu peke yangu. Jioni amepiga ngoma chini ya dirisha langu, pigo la mazishi. Watu walifungua madirisha wakaimba.

Mama hakulia. Alikuwa anafuma kisigino cha soksi ya pili. Akauliza tu basi la Vilnius linaondoka saa ngapi.

Ijumaa, 30 Januari

Mambo yamezidi kuharibika, sikujua kama bado kulikuwa na nafasi.

Ligi imewaambia Mbwamwitu walete uthibitisho wa bibi. Mbwamwitu wakamleta bibi mwenyewe. Mama alikwenda mbele ya wakubwa wa ligi na koti lake la kanisani, akawaonyesha masikio ya kijana kutoka kila upande. Wakamkaribisha chai, wakasema masikio hayatoshi, wanataka karatasi. Karatasi hakuna. Sasa Mbwamwitu wana wageni wanne, na anayekaa nje ni Whitlow, amevaa suti, mkataba mpaka Juni. Sisi hatuna senta. Wao hawamtumii. Gintautas peke yake ndiye anayelala vizuri.

Na Mama? Amekwenda tena leo, na sufuria la madonge limefungwa ndani ya blanketi. Anakaa nyuma ya benchi lao. Na skafu ya kijani ya Mbwamwitu shingoni! Akirudi anaitundika mlangoni mwangu, karibu na koti langu! Nilimwomba aone aibu kidogo, angalau mbele ya majirani. Akanitazama kwa huruma.

"Mkwe wangu, wewe ndiye mwenye timu. Mimi nina mjukuu."

Nikasema acheze basi, mjukuu huyo, maana hachezi. Akasema heri, hatavunjika mguu, na soksi zimemkaa vizuri. Raminta alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anajifuta macho. Kisha akasema jambo moja: kwamba katika wiki zote hizi ni mtu mmoja tu aliyeuliza kijana huyo anajisikiaje, na hakuwa mimi. Nadhani alikuwa amechoka.

Nilingoja hali itulie, nikauliza kuhusu kile kiti cha safu ya mbele, kwa kuwa sasa hakina mtu. Mama akasema amekwisha kukigawa. Kwa nani? Kwa Zenonas. Zenonas! Eti ndiye aliyembebea sufuria mpaka kituo cha basi.

Jumatano, 4 Februari

Sijaandika siku kadhaa. Nilikuwa natafakari kosa langu, kwa ukweli wote, bila kujipendelea.

Mpwa wa wakala alicheza mechi moja, akaona theluji, akarudi kwao. Badala yake Gintautas ameleta senta kutoka Montenegro, anaitwa Radoje, mkubwa kama kabati. Jana alifunga pointi thelathini na moja! Nimeziona karibu nusu, zile za kikapu cha upande wangu. Na leo asubuhi Gintautas, bila kupepesa macho, amesajili mgeni mwingine wa nne na kusema anayeondoka ni Radoje. Nilimwaga kahawa yote kwenye suruali.

Lakini nimekwisha kulibaini kosa. Mpango ulikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa bibi. Nilichukua bibi asiye na karatasi hata moja. Sasa, Raminta ana shangazi, Valerija, mjane wa mhasibu, ambaye hajatupa karatasi tangu enzi za Warusi. Ana mpaka risiti za sabuni.

Nimempelekea keki jioni hii. Raminta nimemwambia naenda kununua balbu. Zenonas safari hii simwambii kitu, labda kidogo tu, ili ajue ni nani mwenye akili. Nikakaa, nikasifu mapazia, nikamwuliza Shangazi kama kuna ndugu yake yeyote aliyewahi kupita Montenegro, hata kwa bahati mbaya.

Shangazi Valerija akavaa miwani. Akauliza kijana huyo ana urefu gani, na kama anakula.