Tangazo la Mafuriko na Dawa ya Panya

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Mtaa huu utaniua. Leo Bi Teddy, ofisa wa maafa, kaja kutuambia tuchague wenyewe mtu wa kututangazia mafuriko. Atapewa koti lile la kung'aa. Nililitaka kabla hajamaliza kusema! Nikanyoosha mkono. Kina mama wakamtaja Bi Biubwa, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba kualika watu harusini. Kwani mafuriko ni harusi? Bi Teddy akasema tujaribu wote wawili, Ijumaa watu waamue.

Jumanne, 8 Aprili
Nimeazima kipaza sauti kwa Muharami wa gengeni. Nimezunguka na jua lote nikitangaza kuwa wa bondeni wajiandae kuhamia shuleni. Kila aliyetoka nje aliulizia dawa ya panya. Wachuuzi wa dawa hiyo, wanaopita na vipaza sauti, wamewazoesha vibaya! Mama mmoja akanifokea kuwa ile niliyomuuzia juzi, panya wameila na kunenepa. Nikamwomba radhi. Sijui kwa nini.

Jumatano, 9 Aprili
Bi Biubwa kapita na kanga zake, udi unanukia. Kila nyumba anaketi, anauliza hali ya goti, anauliza wajukuu, anakunywa chai, ndipo analeta habari ya maji. Kazi gani hiyo! Lakini jioni bonde zima lilikuwa likipandisha magodoro juu ya makabati. Roho imeniuma mno. Nimemwambia mke wangu Naila, yule akija hapa, sema hatupo. Akanikumbusha kuwa nyumba yetu ndiyo ya chini kuliko zote. Nikamjibu kuwa mtangazaji hatangaziwi.

Alhamisi, 10 Aprili
Naandika shuleni. Suruali ni ya kuazima. Mvua ilianza alfajiri, Bi Teddy akampigia simu Bi Biubwa, naye akazunguka kuhamisha watu. Alipobisha kwetu nilikuwa nimelala. Naila akamjibu dirishani kuwa hatupo. Bi Biubwa akasema alhamdulillahi, basi mko salama, akapita.

Adhuhuri maji yalikuwa ndani. Tukapanda juu ya meza. Nikashika kipaza sauti, nikaita kwa nguvu zote, jamani tuokoeni! Mtu kule barabarani akanijibu kuwa leo hawahitaji, panya wote wamekufa maji. Nililia. Kweli, nililia.

Bi Biubwa ndiye aliyetuulizia shuleni, akaona hata huko hatupo. Akatuma vijana na mtumbwi.

Ijumaa, 11 Aprili
Koti kapewa Bi Biubwa. Linampwaya! Godoro letu liko juani, linanuka tope. Ya majirani makavu. Nimefikiri sana, nimeona kosa lilipo: kipaza sauti kilikuwa kidogo. Muharami anasema mjomba wake wa Mbegani anacho kikubwa.

Kuna kikao cha kujadili mafuriko, na Bi Biubwa ameshaanza kualika watu. Namsikia kwa jirani, anauliza hali ya goti. Nimemwambia Naila, akibisha hapa, sema hatupo.